Ghorofa, Mlima, Bahari au Dunia Nzima: Filamu Nne za Maafa, na Ipi Ikufae

Marafiki na ndugu wanajua kwamba napenda filamu za maafa, kwa hiyo haipiti miezi miwili kabla sijaulizwa: "Nipe picha moja ya maafa, lakini iwe ya maana." Jibu langu la kwanza huwa ni swali: unaitazama na nani, na unataka ikufanye nini? Mwenye watoto wanne sebuleni Jumamosi jioni na mtu aliyerudi kazini amechoka, yuko peke yake chumbani, hawatafuti picha moja. Huyu anataka jiji zima liporomoke na nyumba nzima ipige mayowe. Yule anataka kitu kimkabe koo.

Mapenzi haya niliyapata kwenye banda la video nikiwa darasa la sita. Mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni moja juu ya meza ndefu, na umati wa watu tunaotoka jasho. Siku za picha za ngumi banda lilikuwa kelele mwanzo hadi mwisho: tunamzomea adui, tunamhimiza steringi. Siku ile waliweka picha ya mlima unaolipuka, na banda zima likanyamaza. Hakukuwa na adui wa kuzomewa. Kila mmoja alikuwa na swali lilelile moyoni: ningekuwa mimi pale, ningemkimbilia nani kwanza? Hadi leo hiyo ndiyo raha ninayoitafuta katika filamu hizi.

Nimechagua nne ambazo nimezirudia mara nyingi, kila moja ikiwa na maafa ya ukubwa wake. The Towering Inferno ya mwaka 1974 inahusu jengo moja linaloungua. Dante's Peak ya 1997 inahusu mji mdogo chini ya volkano. The Impossible ya 2012 inahusu pwani iliyopigwa na tsunami. Na filamu iitwayo 2012, iliyotoka mwaka 2009, inaangamiza dunia yote. Sitataja nani anakufa. Kuna aya moja tu itakayogusa mwisho wa filamu, na nitaonya kabla.

Nitazipima kwa nini

Kwanza, dakika zinazotangulia maafa: je, zinatutia wasiwasi au zinatuchosha? Pili, maafa yenyewe yanavyoonekana na kusikika. Tatu, watu: tunawajali, au wapo tu ili waanguke? Nne, ukweli, maana mtazamaji ana haki ya kujua anaonyeshwa kinachowezekana au ndoto. Tano, urefu wa filamu na watu wa kuitazama nao. Kigezo cha kwanza na cha tatu navipa uzito zaidi. Wewe unaweza kuvipanga vingine, na jibu lako litabadilika.

Kabla ya maafa

Hapa Dante's Peak haina mpinzani kwangu. Pierce Brosnan ni mtaalamu wa volkano anayetumwa kwenye mji mdogo wa milimani kaskazini magharibi mwa Marekani, mji ambao ndiyo kwanza umepewa tuzo ya mahali pazuri pa kuishi. Anakuta miti iliyokauka bila sababu, wanyama wadogo waliokufa, maji ya chemchemi yaliyogeuka. Anataka watu waonywe. Mkuu wake anakataa, wala si kwa ubaya: anakumbuka mji mwingine ulioonywa, mlima usilipuke, na biashara za watu zikafa. Jambo hilo lina mzizi wa kweli. Mwaka 1982 wataalamu walitoa tahadhari kuhusu eneo la Mammoth Lakes, California, mlipuko haukutokea, na mji ukaumia kiuchumi. Kwa hiyo ubishi wa wawili hawa ni ubishi wa watu wenye akili, kila mmoja ana hoja. Halafu usiku mmoja mtu anafungua bomba jikoni, maji yanatoka ya kahawia, yananuka. Bomba tu. Nimeiona mara nyingi na bado mkono huniganda.

The Towering Inferno nayo inajua kusubirisha, ila chanzo chake ni tamaa. Paul Newman ni msanifu wa jengo la ghorofa 138 huko San Francisco. Siku ya uzinduzi anagundua kuwa nyaya za umeme zilizowekwa si zile alizoagiza. Mtu amebana matumizi. Wageni wanapanda juu kwenye sherehe, ghorofa ya 135, huku moto umeshaanza ghorofa ya 81 ndani ya chumba kidogo ambacho hakuna anayekiangalia. Sisi tunauona moto. Wao wanacheza dansi. Filamu inatuacha hivyo kwa muda mrefu, na ni mateso matamu.

The Impossible haina subira hiyo, na haiitaki. Familia inafika hotelini Thailand, wanasherehekea Krismasi, watoto wanacheza na mpira mwekundu kando ya bwawa. Basi. Ndivyo ilivyokuwa kweli asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004: Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa kuonya watu kuhusu tsunami, na walio wengi hawakupata hata dakika moja ya kujiandaa. 2012 inafanya kinyume, inaeleza mno. Kuna mgodi India, mkutano wa viongozi, siri ya serikali, mtangazaji wa redio msituni. Inakimbia, haichoshi, lakini wasiwasi haujengeki; unangoja tu ardhi ipasuke.

Maafa yenyewe

Ukitaka macho yashibe, hii ni zamu ya 2012. Mkurugenzi wake, Roland Emmerich, hakubakiza kitu. John Cusack anaendesha limozini kupita Los Angeles huku barabara inazama nyuma yake na majengo yanalala juu yake. Volkano ya Yellowstone, Marekani, inalipuka. Meli kubwa ya kubebea ndege za kivita inabebwa na wimbi hadi Ikulu ya Marekani. Sanamu ya Kristo inaanguka Rio de Janeiro. Kwenye skrini kubwa yenye spika nzuri, sidhani kama kuna filamu ya maafa inayoweza kushindana nayo kwa wingi wa vitu vinavyobomoka. Kwenye simu inapoteza nusu ya utamu, nakushauri usiitazame huko.

The Impossible ina wimbi moja tu, na wimbi hilo linatisha kuliko mabara yote ya Emmerich. Mkurugenzi J.A. Bayona alitumia maji halisi kwenye bwawa kubwa lililojengwa Hispania, na ngozi yako inalijua hilo hata kama hujaambiwa. Naomi Watts anaviringishwa chini ya maji pamoja na matawi, mabati na magodoro. Sauti inazibika kama mtu anayezama kweli. Halafu anaibuka, anashika mti, na kilio anachotoa si kilio cha sinema.

Moto wa Towering Inferno ni moto wa kweli pia, maana mwaka 1974 kompyuta za kuchora miali hazikuwapo. Wapo wanaoogopa filamu za miaka ile wakidhani zitaonekana za kizamani. Nguo na nywele ndiyo. Moto haujazeeka. Lifti ya vioo nje ya jengo, ngazi iliyokatika, helikopta inayojaribu kutua juu ya paa wakati wa upepo mkali: vipande hivyo bado vinanifanya nikalie ukingo wa kiti.

Dante's Peak iko katikati. Majivu yanayofunika mji mchana ukawa usiku yamefanywa vizuri sana, na wingu la moto linaloshuka mlimani mwishoni linastahili kusubiriwa. Kuna vipande viwili vitatu ambavyo kompyuta za mwaka 1997 zinajionyesha. Havikuharibii.

Watu

The Impossible imejengwa juu ya masaibu ya familia halisi ya Kihispania, ya María Belón, ingawa kwenye filamu wamefanywa Waingereza. Watts aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hii, na kijana Tom Holland, kabla dunia haijamjua kama Spider-Man, anaubeba mzigo wa mtu mzima. Kuna saa ambapo yeye, mtoto, anazunguka hospitali iliyofurika majeruhi akibeba majina ya watu waliopoteana, akiita moja moja. Na kuna simu ya Ewan McGregor. Anaazimwa simu ambayo betri inakaribia kwisha, anampigia baba mkwe, anajaribu kueleza, anashindwa. Hakuna wimbi wala mlipuko katika tukio hilo, ni mtu mzima anayelia kwenye simu ya mgeni. Kwangu ndilo tukio kubwa kuliko yote katika filamu hizi nne.

Lakini lazima niseme linaloniuma. Tsunami ile iliua watu wapatao 230,000, na wengi mno walikuwa Waindonesia, Wasri Lanka, Wahindi na Wathai wenyewe. Filamu inawaonyesha Wathai kama wasaidizi wema: wanaomburuta mama juu ya mlango, wanaomvika nguo, madaktari na wauguzi wasiolala. Wema huo ni wa kweli na unagusa. Ila hatumfuati hata mmoja wao nyumbani kwake. Naipenda filamu hii kwa moyo wote, na bado ningetaka kumjua yule mama mwanakijiji aliyeleta nguo, naye alikuwa amepoteza nani.

Towering Inferno ina watu wengi, kama harusi kubwa. Steve McQueen ni mkuu wa zimamoto, mtu wa maneno machache. Fred Astaire, mcheza dansi maarufu, ni mzee tapeli mwenye moyo laini, na kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar. Wapo wengine wanaopita haraka, lakini filamu inawapa kila mmoja uamuzi mmoja wa kufanya, na hapo unawajua. Dante's Peak ina Brosnan na Linda Hamilton, meya wa mji na mama wa watoto wawili, na bibi mmoja mkaidi anayekataa kuacha nyumba yake mlimani. Bibi huyo kila ukoo unaye.

2012 ndiyo dhaifu hapa, isipokuwa kwa mtu mmoja. Chiwetel Ejiofor, mzaliwa wa London wa wazazi Wanigeria, ni mwanasayansi anayegundua kwamba nafasi za kuokoka ndani ya meli kubwa zimeuzwa kwa yuro bilioni moja kiti kimoja. Anaposimama kudai milango ifunguliwe kwa walioachwa nje, filamu ghafla inapata roho.

Ukweli

Msomaji wa Goma atacheka, au atakasirika, akimwona Brosnan anaendesha gari juu ya lava. Wao wanaijua. Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ilipita katikati ya mji wao hadi Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, lava ikasimama pembezoni mwa mji. Matairi hayapiti juu ya kitu kile. Pia milima ya aina ya ule wa Dante's Peak kwa kawaida hutoa majivu na wingu la moto, kama mlima St. Helens wa Marekani ulivyofanya tarehe 18 Mei 1980 na kuua watu 57. Haimwagi lava nyepesi inayotiririka kama uji, huo ni mwenendo wa milima kama Nyiragongo. Na ziwa halitageuka tindikali ya kula mashua ya chuma kwa dakika chache. Dalili za mwanzo, hata hivyo, ni za kweli: mitetemo midogo, gesi inayoua miti, maji kubadilika. Kwa sehemu hiyo filamu inafundisha vizuri kuliko vitabu vingi vya shule.

The Impossible ndiyo ya kweli kuliko zote, na kwa mtu wa pwani yetu kuna jambo la ziada. Mawimbi yaleyale ya Desemba 2004 yalivuka bahari yakafika huku saa kadhaa baadaye. Somalia iliumia vibaya, mamia walikufa. Tanzania nayo ilipoteza watu. Kenya ilipata muda wa kuwaondoa watu fukweni. Bahari ikirudi nyuma ghafla na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, usiende kuokota. Panda juu.

Towering Inferno ni hadithi ya kubuni, lakini hoja yake ni ya kweli kabisa: mkuu wa zimamoto anamwambia msanifu kwamba wao hawana njia ya uhakika ya kupambana na moto uliopita ghorofa ya saba, na bado watu wanazidi kujenga juu. Tangu nilipoisikia, nikiingia jengo refu la kazi natafuta ngazi kabla ya kutafuta ofisi niliyoijia.

Kuhusu 2012, sayansi yake haipo. Chembe kutoka kwenye jua kuchemsha kiini cha dunia ni ndoto. Kalenda ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, haikutabiri mwisho wa dunia tarehe 21 Desemba 2012 kama ilivyovumishwa, na hofu ilipoenea NASA, shirika la anga la Marekani, ilibidi ieleze hadharani kwamba hakuna kitakachotokea. Itazame ukijua hivyo na ufurahi.

Asiyetaka kujua mwisho wa 2012 aruke aya hii. Maji yanapotulia, inajulikana kuwa bara la Afrika limeinuka, halikuzama, na milima ya Drakensberg ya Afrika Kusini sasa ndiyo mirefu kuliko yote. Meli zilizobaki zinageuza kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Sinema kubwa za Marekani zimezoea kulionyesha bara letu kama mahali pa kuokolewa. Hapa ndipo wenye pesa zao wanapokuja kuomba pa kuanzia upya. Filamu inapita hapo haraka mno, sekunde chache tu, na mimi hubaki nikiwaza filamu ya pili ambayo haikutengenezwa: nani aliwapokea ufukweni, na kwa masharti gani.

Urefu, na wa kutazama nao

Dante's Peak ni fupi kuliko zote, saa 1 na dakika 48. The Impossible ni saa 1 na dakika 54, ila utaihisi ndefu kwa sababu ya maumivu. 2012 ni saa 2 na dakika 38. Towering Inferno ni saa 2 na dakika 45, kwa hiyo pika kwanza.

Kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea, Dante's Peak na 2012 zinatazamika mkiwa pamoja. Ya kwanza ina maiti mbili kwenye maji moto mapema kabisa, uwe tayari. Towering Inferno ina watu wanaoungua na kuanguka kutoka juu, na mwendo wake wa taratibu utawatoa watoto sebuleni kabla moto haujakolea. The Impossible usimwekee mtoto mdogo. Kidonda cha mama huyo kimeonyeshwa bila kuficha, na mtoto anayetenganishwa na wazazi ni hofu ambayo hata mkubwa hailali nayo vizuri. Aliyewahi kuponea majini, au aliyepoteza mtu majini, namshauri aiache au aitazame na mtu anayemwamini.

Sasa chagua

Kama nyumba imejaa wageni, watu wa rika zote, na televisheni ni kubwa, weka 2012. Hakuna atakayehitaji kufuatilia sana. Mtu akienda jikoni na kurudi atakuta bara jingine limevunjika.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza na aina hii ya filamu, anza na Dante's Peak. Ina kila kiungo: onyo, ubishi, mlipuko, safari ya kukimbia, familia. Ukiipenda, endelea na ya Kinorwe iitwayo Bølgen, ya mwaka 2015, kuhusu mlima unaomomonyoka na kuporomoka ndani ya ghuba nyembamba na wakazi wa Geiranger wanaobaki na dakika 10 za kukimbia. Ubishi ni uleule wa kuonya au kungoja, na nyuma yake kuna msiba wa kweli wa Tafjord, mwaka 1934, ulioua watu 40. Tafuta yenye maandishi ya tafsiri.

Kama wewe ni fundi, mkandarasi, mhandisi, au unaishi na mtu wa kazi hizo, Towering Inferno itawapa mazungumzo ya wiki nzima. Inamfaa pia mpenzi wa sinema za zamani na mtu mwenye subira, anayependa kuona watu wazima wakizungumza kabla ya mambo kuharibika.

Kama unataka filamu itakayobaki nawe, na uko tayari kuumia, chukua The Impossible. Itazame usiku ambao kesho yake huna haraka. Zima taa, weka simu mbali kidogo, lakini iwe na chaji, kwa maana ikiisha utataka kumpigia mtu wa nyumbani.

Na kama mko wawili na hamkubaliani, mmoja anataka vishindo, mwenzake anataka watu, jibu langu ni Dante's Peak tena. Anayependa vishindo atavipata nusu ya pili. Anayependa watu ashike macho yake kwenye lile bomba la jikoni.